Nukta nundu kwenye ubao wa mapokezi: zinamsaidia nani hasa?

Swali limetoka kwa dada mmoja anayesimamia jengo la ghorofa sita katikati ya Dar es Salaam. Ndani kuna ofisi ya mawakili, saccos, kampuni mbili za kusafirisha mizigo na kliniki ya macho iko ghorofa ya pili. Ubao wa zamani pale mapokezi umechakaa, fundi kamletea dizaini mpya ya kioo cheusi na herufi za dhahabu zinazong'aa, majina yamepangwa kwa alfabeti, alafu kaahidi kuweka nukta nundu (Braille, maandishi ya vidoto vilivyoinuka yanayosomwa kwa kidole) chini kabisa ili na wasioona wasisahaulike. Dada anauliza, hiyo inatosha? Na kuna kingine cha kumwambia fundi kabla hajatoa advansi?

Dada yangu, umefanya la maana sana kuuliza mapema, mana wengi wananipigia simu ubao ukiwa tayari umeshapigwa skrubu ukutani. Haitoshi. Na kama bajeti ni ndogo, mimi ningekushauri zile nukta nundu za kwenye ubao uziache kabisa, hiyo hela uipeleke kwenye milango na kwenye lifti. Najua inasikika kama namnyima mtu kitu, ngoja nieleze.

Mfikirie mtu asiyeona anaingia kwenye jengo lenu kwa mara ya kwanza. Ana fimbo nyeupe, kapita mlango wa kioo, mbele yake ukumbi mpana wenye marumaru ambao sauti zinagonga huku na huku. Ubao wako uko ukuta wa kushoto, labda katikati ya sofa na ndoo ya maua. Atajuaje kama upo? Ili aufikie inabidi apapase ukuta mzima mbele ya watu, na akiufikia inabidi asome mistari yote mpaka akutane na anachotafuta. Hakuna mtu anafanya hivo, atauliza mapokezi au atamuuliza mlinzi. Kwa hiyo zile nukta zitakaa pale zikimsubiri msomaji ambaye hana njia ya kuzifikia. Hata vipimo vya mwaka 2010 vya ADA, ile sheria ya Marekani ya watu wenye ulemavu, ambavyo ni vikali kweli kweli, vimeziacha bodi za orodha ya jengo nje ya masharti yake, vikakaza kwenye vibao vya vyumba, mana kwenye mlango mtu anajua aweke mkono wapi.

Kwa asiyeona basi kuna vitu vitatu: mtu wa mapokezi anayejua kuelekeza, lifti inayosomeka kwa kidole, na namba kwenye mlango. Hivyo vikikamilika anafika peke yake, kimoja kikikosekana anabaki kushikwa mkono na mlinzi kama mtoto, na wengi wao watakwambia hicho ndo kinawauma kuliko fimbo kugonga ngazi.

Nianze na mlango kwa sababu ndo panapokosewa sana. Kibao kikae ukutani, pembeni ya mlango, upande wa kitasa. Sio kwenye mlango wenyewe. Kisa chake nimekiona kwa macho yangu: tulikuwa na mwalimu mmoja mstaafu asiyeona, tulimwomba atukagulie vibao kwenye jengo fulani, akawa anasoma kibao kilichobandikwa kwenye mlango, uso wake uko kama sentimita thelathini tu kutoka kwenye mbao, mtu wa ndani akatoka kwa haraka na mlango ukampiga kwenye paji la uso. Kusoma kwa kidole kunataka usimame karibu na utulie, kwa hiyo mahali pa kusimama pawe salama. ADA wanataka nafasi ya sakafu kama sentimita 45 kwa 45 mbele ya maandishi ambayo mlango ukifunguka hauifiki, na maandishi yenyewe yawe kati ya sentimita 122 na 152 kutoka sakafuni. Sheria hiyo ya Marekani haitubani sisi huku lakini vipimo vyake ni vizuri, vinaendana na mkono wa binadamu, na mkono wa mtu wa Dar haujapishana sana na wa mtu wa Chicago. Faida kubwa ni kwamba ukishaweka vibao vyote kwenye urefu mmoja na upande mmoja, mtu akisoma kibao cha kwanza tayari anajua cha pili kiko wapi.

Juu ya kibao hicho kuwe na namba ya chumba kwa herufi zilizoinuka, angalau milimita 0.8 kutoka usawa wa kibao, urefu wa herufi kuanzia milimita 16 mpaka kama 50, chini yake nukta nundu. Herufi zilizoinuka usizidharau, kuna watu wamepoteza uoni wakiwa watu wazima, kwa kisukari au presha ya macho, hao hawajawahi kusoma shule yenye nukta nundu lakini herufi A na namba 3 wanazijua toka darasa la kwanza, kidole kikizipitia wanazitambua. Fonti iwe ya kawaida isiyo na mikia, herufi kubwa, zisibanane.

Sasa nukta nundu zenyewe. Hapa fundi wako anahitaji kuambiwa mambo kwa uwazi, na simlaumu, mana karibu wote hawajawahi kumwona mtu akizisoma. Kwanza ziwe zimeinuka kweli. Nimekuta kibao kizuri kabisa cha akriliki, nukta zimeprintiwa kwa wino, ukipitisha kidole ni laini kama glasi, yaani ni picha ya nukta nundu. Pili zisifunikwe na kioo wala plastiki. Tatu zisiongezwe ukubwa ili zionekane vizuri kwa mbali, nukta moja na mwenzake ndani ya herufi zina umbali wa karibu milimita 2.5, ncha ya kidole ndo kipimo, ukizikuza mara mbili herufi haienei tena chini ya kidole na msomaji anapotea.

Nne ni kosa nililolifanya mimi mwenyewe na bado linaniuma. Kazi yangu ya mwanzo mwanzo, vibao vya alumini vya vyumba kumi na mbili, nukta nundu zilikuwa kwenye vipande vya peke yake vya kubandika chini ya namba. Tukabandika, tukapiga picha, mteja akafurahi. Baada ya wiki mbili alikuja mgeni asiyeona, akaweka kidole kwenye kibao cha kwanza, akanyamaza, akarudia tena, akaniambia taratibu, "Mwanangu, hiki umekiweka miguu juu." Vipande vitano kati ya kumi na mbili vilikuwa vimegeuka. Kwa macho yangu zilikuwa nukta tu, juu na chini ni sawa. Kwa kidole chake zile nukta za namba 4 ukizigeuza zinachukua umbo la namba 8, na za namba 6 zinachukua umbo la sifuri. Toka siku hiyo sibandiki kipande cha peke yake, nukta na namba vinakatwa kwenye kibao kimoja, ili kikigeuka kigeuke chote na kila mtu aone. Na hakuna kibao kinatoka karakana bila msomaji wa nukta nundu kukipitia. Mpate wapi? Ulizia Chama cha Wasioona Tanzania au SHIVYAWATA, lile shirikisho la vyama vya watu wenye ulemavu, watakuunganisha. Na umlipe kama unavyomlipa fundi umeme, ile ni kazi ya kitaalamu.

Andika Kiswahili, na kwa vibao vifupi andika herufi kwa herufi bila vile vifupisho vya nukta nundu, mana neno ni moja au mawili, hakuna nafasi ya kuokoa na kila aliyesoma nukta nundu atalielewa.

Lifti. Kila ghorofa, nje ya mlango wa lifti, kwenye fremu pande zote mbili, weka namba ya ghorofa iliyoinuka, kubwa kama sentimita tano, na nukta nundu chini. Mtu lifti ikifunguka ananyoosha mkono tu, anajua yuko wapi kabla hajatoka. Ndani namba zilizoinuka zikae kushoto kwa vitufe, na ghorofa ya kutokea nje iwekewe alama ya nyota iliyoinuka. Kama lifti yenu ina kifaa cha sauti na kimezimwa kwa sababu kilikuwa kinamkera mtu, kiwashwe.

Na hapo hapo kwenye lifti kuna jambo la kwetu kabisa, ghorofa ya kwanza ni ipi? Wewe na mimi tunaweza kukubaliana kwamba ni ile iliyo juu ya mapokezi, lakini kuna mgeni anayehesabu kuanzia alipokanyaga, kwake ghorofa ya kwanza ni pale mapokezi. Mlinzi anasema "ghorofa ya pili," kitufe kimeandikwa 2, kibao kinasema "Second Floor," mgonjwa wa kliniki ya macho anatokea kwa mawakili. Tibu hili kwa kuchagua namba na kuishikilia kila mahali. Kama kitufe cha chini kinasema G (Ground), ubao useme G, ukuta useme G, na watu wa mapokezi waseme "bonyeza 2," wasiseme "panda ghorofa ya pili." Namba za vyumba zianze na namba ya ghorofa, 204 iko kwenye 2, 507 iko kwenye 5. Hiki kitu kimoja kinapunguza kupotea kuliko ubao wowote, na kinamsaidia anayeona, asiyeona, kiziwi, mgeni na mtu mwenye haraka zake.

Haya, turudi kwenye ubao wenyewe, mana bado unahitajika sana. Huu ni wa watu wanaoona, na wenye uoni hafifu, na viziwi, ambao kwao ubao ulioandikwa vizuri una maana kwamba hawahitaji kuanza kuandikiana na mtu wa kaunta kwenye kikaratasi. Na wewe una kliniki ya macho! Wateja wake wengine wanatoka pale wametiwa dawa ya kutanua mboni, kwa masaa kadhaa wanaona ukungu na mwanga unawachoma. Hao ndo wasomaji wa ubao wako kila siku ya kazi. Kioo cheusi kinachong'aa mkabala na mlango wa kuingilia, jua la saa nane mchana, yule mtu ataona mlango, mtaa na bajaji zinapita kwenye kioo, maandishi hataona. Kataa kioo. Dhahabu ya kung'aa nayo hivo hivo, inabadilika rangi kila ukisogea. Taka uso usioakisi, mati, herufi nyeupe au krimu kwenye bluu iliyokolea au kijani kilichokolea, au kinyume chake. Kama mwenye jengo anaipenda dhahabu, na kawaida huwa wanaipenda, mpe fremu ya dhahabu au nembo ya jengo juu kabisa, herufi aziache. Kujua kama rangi zinaachana vya kutosha piga picha dizaini kwa simu, ibadilishe iwe nyeusi na nyeupe, kama maandishi yanafifia basi na kwa mtu mwenye uoni hafifu yanafifia.

Ukubwa wa herufi unategemea mtu anasimama wapi. Kanuni ya haraka ninayotumia ni sentimita moja ya herufi kwa kila mita moja ya umbali. Ubao unaosomwa mita mbili mbele ya kaunta, herufi za sentimita mbili zisipungue. Kibao kinachoning'inia juu kwenye korido ambacho kinatakiwa kusomwa mita kumi, herufi sentimita kumi au kumi na moja, na chini yake kubaki nafasi ya mita mbili na kitu, ADA wanasema isipungue sentimita 203, ili mtu asigonge kichwa. Vibao vinavyochomoza kutoka ukutani kwenye usawa wa uso ni hatari mno, fimbo nyeupe inapita chini haikigusi, uso ndo unakigusa. Mistari ya majina usiipandishe mpaka darini wala kuishusha chini, ibaki kati ya mita moja na mita moja na nusu hivi, ili aliyeko kwenye kiti mwendo na aliyesimama wote wasome bila kuvunja shingo, na mbele yake sofa na maua viondoke.

Mpangilio. Fundi kasema alfabeti. Kwa Kiingereza alfabeti inafanya kazi, kwa Kiswahili inakwama na watu hawajui kwa nini. Angalia ofisi yoyote: Uhasibu, Utumishi, Ugavi, Ukaguzi, Usajili, Ununuzi, Uhusiano. Zote U! Alafu wengine wanaanzisha kila mstari na Idara ya, Ofisi ya, Kitengo cha, unakuta mistari kumi na mbili inaanza sawa na neno ambalo mtu kalifuata liko mwisho kabisa, kule jicho linakochoka. Mwenye uoni hafifu anasoma kipande kwa kipande, akilazimika kupita "Ofisi ya" mara kumi na mbili ameshakata tamaa. Kwa hiyo panga kwa ghorofa, namba ya ghorofa iwe kubwa upande wa kushoto, mstari uanze na neno lenyewe. Usiandike "Ofisi ya Mawakili na Washauri wa Sheria Fulani na Wenzake," andika "Mawakili," alafu jina la kampuni kwa herufi ndogo kidogo pembeni. "Kliniki ya macho," "Mikopo na akiba," "Mizigo." Mtu anakuja na shida yake, jina la kampuni ameshalisahau kwenye daladala. Na maneno yote kwa herufi kubwa yanakuwa tofali moja refu, kwenye ubao wa kusomwa kwa macho tumia herufi kubwa mwanzo wa neno tu. Kiswahili kwanza, Kiingereza chini yake kwa rangi ile ile, na ukubwa upungue kidogo tu.

Vyoo nimeviwekea aya yake. Zile herufi ME na KE kwenye milango naomba uziondoe. Tofauti ya wanaume na wanawake imebebwa na herufi moja tu, M na K, kwa mwenye uoni hafifu kwenye korido lenye giza ni kubahatisha, na ni kubahatisha kunakodhalilisha. Weka picha kubwa, neno zima Wanaume au Wanawake, na nukta nundu. Picha usihangaike kuchoresha, kuna seti ya alama 50 iliyotengenezwa na chama cha wabunifu cha AIGA kwa ajili ya Wizara ya Uchukuzi ya Marekani, 34 zilitoka mwaka 1974 na zilizobaki mwaka 1979, ni bure kwa yeyote na watu wameshazizoea kwenye viwanja vya ndege. Choo cha watu wa viti mwendo kina alama yake inayojulikana dunia nzima, aliichora mwanafunzi wa Denmark, Susanne Koefoed, mwaka 1968, kichwa cha duara kikaongezwa baadaye. Iweke tu pale ambapo kiti kinaingia na kugeuka kweli, usiibandike kwenye choo ambacho kimegeuzwa stoo ya mafagio.

Kibao kingine watu wanakiweka mahali sipo. Kama jengo lenu ni kama mengi ya mjini, mbele kuna ngazi tatu nne na njia ya mteremko iko nyuma, unazungukia parking. Kibao cha mteremko kiko wapi? Mara nyingi kiko pale pale kwenye mteremko, ambako aliyefika hakihitaji tena. Kinatakiwa kuwa chini ya zile ngazi za mbele, pale mtu wa kiti mwendo anapokwama, na mshale na umbali kwa mita. Fuata wazo hilo jengo zima, simama kila mahali ambapo mtu analazimika kuchagua kulia au kushoto, hapo ndo pa kibao. Mshale wa kushoto ukae mwanzo wa mstari, wa kulia mwisho wa mstari. Mshale wa juu jihadhari nao, unaweza kumaanisha nenda mbele au panda juu, kama kuna ngazi karibu chora picha ya ngazi.

Skrini ya kugusa, kama mwenye jengo atashawishiwa, iwe nyongeza tu. Umeme ukikatika na jenereta likachelewa imekuwa kioo cheusi, na asiyeona hana cha kugusa pale.

Kuhusu sheria, hili sio hisani. Tanzania ina Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010, na mwaka mmoja kabla yake, 2009, tuliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, ambao kifungu chake cha 9 kinataja waziwazi vibao vya nukta nundu na maandishi rahisi kusomeka kwenye majengo yanayotumiwa na umma, na kinataja pia watu wa kuelekeza. Mwoneshe mwenye jengo kifungu hicho, inasaidia kwenye mazungumzo ya bajeti. Hao watu wa kuelekeza kwako ni walinzi na mtu wa mapokezi, kaa nao nusu saa wajue kusema "toka lifti, geuka kulia, mlango wa tatu" badala ya "pale pale, utaona," na wajue kumpa asiyeona kiwiko chake ashike, sio kumvuta mkono.

Kwenye ubao majina yawe kwenye vipande vya kuchomoa, kila mpangaji na kipande chake, mana wapangaji wanahama na siku ya kwanza utabandika karatasi kwa selotepu, na ile karatasi itakaa miaka mitatu.

Advansi usiitoe ya kazi yote. Mwambie fundi akutengenezee kibao kimoja tu cha sampuli, cha mlango wa kliniki ya macho, na mstari mmoja wa ubao kwa ukubwa halisi. Vibandike siku mbili tatu. Mwombe daktari wa kliniki ruhusa ya kuwauliza wagonjwa wawili watatu wakitoka wametiwa dawa kama wanausoma ule mstari, saa nane mchana mlango ukiwa wazi, na mlete msomaji wa nukta nundu aguse kile kibao bila kumwambia kimeandikwa nini. Akikitamka sawa, fundi aendelee na vilivyobaki.